Shikamoo Katikati ya Risasi

Mwaka ule nilipoteleza kwenye ngazi za mawe nyumbani kwangu Mabatini, hapa Mwanza, nikiwa nimebeba beseni la maji, cherehani yangu ilinyamaza. Ni cherehani ya kukanyaga. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kuanzia gotini mpaka vidoleni, na wa kushoto peke yake haukuijua kazi. Sare za shule nilizokuwa nimeshazikata zikabaki zimekunjwa mezani. Mimi nikabaki barazani, mguu juu ya stuli, nikigombana na kila aliyepita.

Wanaonijua wanasema nina mdomo, na sijawahi kuwapinga. Binti yangu alikuwa nyumbani wakati wa likizo ya chuo, na alinivumilia kadiri alivyoweza. Siku nilipomkaripia muuza dagaa kwa kosa la kupita bila kuuza dagaa, akaja akanyoosha mkono.

"Mama, utagombana na mtaa mzima. Lete simu."

Akaniwekea humo mchezo wa vita, akanionyesha pa kubonyeza, akarudi chuoni kwake. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Watu wengi mnashushwa kwa miavuli kwenye kisiwa, kila mmoja anaingia kwenye nyumba zilizoachwa kuokota bunduki, dawa na fulana za kuzuia risasi, halafu mnawindana. Watakaobaki hai mwisho ndio washindi. Mnaweza kucheza wanne wanne, kikosi, mkiongea kwa maiki, kila mtu yuko kwao. Ukipigwa unaanguka kwanza, na mwenzako anaweza kukuinua. Asipofika, umekwisha, unabaki kutazama wenzako wakicheza.

Nilidhani ni upuuzi wa watoto. Haukupita muda nikawa ninamwomba Mungu umeme usikatike, si kwa ajili ya pasi wala taa.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho huko ni matusi. Na mimi si mgeni wa matusi, nimekulia jirani na mwalo, mahali samaki wanaposhushwa. Wavuvi hutukana tangu jua linapochomoza. Lakini mvuvi humtukana mtu anayemwona, na mchana watakula ugali na sato sahani moja. Hawa wa kwenye simu walitukana hewani, mtu asiyejulikana akimtukana mtu asiyejulikana, na zaidi walitukana mama. Kila aliyekosa shabaha, mama yake alitajwa. Wengine walitukana kwa lugha nisizozijua, lakini tusi halihitaji mkalimani.

Nisiwaseme wote vibaya. Siku moja nilikuwa nimejibanza nyuma ya ukuta bila fulana ya kuzuia risasi, na mtu wa kikosi chetu ambaye lugha yake sikuifahamu hata neno moja akanitazama, akavua ya kwake, akaitupa mbele yangu, akakimbia. Aliuawa muda mfupi baadaye. Jioni ile, nikikaanga samaki, nilijikuta ninamfikiria yule mtu, yuko nchi gani, na kama naye amekula.

Basi alasiri moja nimewekwa kikosi kimoja na watu watatu nisiowajua, mmoja akaanza kumporomoshea mwenzake matusi ya mama. Mimi maiki yangu sikuwahi kuifungua. Siku hiyo niliifungua.

"Wewe kijana," nikamwambia. "Huyo mama wa mwenzako amekukosea nini? Yuko jikoni kwake huko, hata bunduki hajashika. Mwache."

Kisha sauti moja nyembamba, ya kiume na ya adabu, ikasema:

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Ikafuata ya binti: "Shikamoo mayu." Nikajua huyo ni wa kwetu, maana mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Na yule mtukanaji, kwa kuchelewa: "Shikamoo. Nisamehe mama." Nilikuwa katikati ya kumwitikia marahaba yake mtu akatokea kichakani akanimiminia risasi.

Mtukanaji hakurudi tena. Wale wawili walirudi kesho yake, na kesho kutwa, wakawa kikosi changu. Mwenye sauti nyembamba alikuwa kijana wa Kihaya anayeishi hapahapa mjini, Mkuyuni, ana kibanda cha kuuza kava za simu na kubadilisha vioo. Alikuwa kiongozi wetu, na aliongoza vita kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. Binti alikuwa Magu, akishinda kwenye meza ya mchele ya mama yake kando ya barabara, na alicheza kati ya mteja na mteja. "Ngojeni, kuna mtu anaulizia bei," angesema, na askari wake angesimama wima katikati ya uwanja kama sanamu ya kufukuzia ndege. Pamoja na hayo, alikuwa na shabaha kuliko sisi wote. Nafasi ya nne ilikuwa ya yeyote atakayekuja.

Niliwapenda mapema. Nasema hivyo kabla sijaanza kulalamika.

Tukitua tu, kiongozi angesema, "Mama, ingia kwenye nyumba hiyo ukae. Sisi tutaangalia usalama." Ninaingia, ninakaa. Baada ya muda wanarudi wamenibebea dawa, kofia nzuri ya chuma, fulana nzuri kuliko zote. Hakuna mtu aliyevaa vizuri kama mimi kwenye kile kisiwa, na hakuna aliyefanya kazi kidogo kama mimi. Kila nyumba nilijua choo chake kiko wapi, maana huko ndiko nilikojificha. Tukishinda, binti wa Magu angesema, "Hongera mayu, tumeshinda." Tumemshinda nani? Mimi nilikuwa chooni.

Nilichokuwa ninakitaka nikiseme waziwazi: nilitaka kuwa mchezaji. Tangu niwe mtu mzima nimekuwa mama fulani, fundi, shikamoo, karibu kiti. Sivilaumu, ni vitu vizuri. Lakini kule kisiwani hakuna aliyeziona mvi zangu wala hogo langu. Kule nilikuwa na miguu miwili na niliweza kukimbia. Nilitaka kukimbia. Na watoto hawa, kwa malezi mema waliyolelewa, walinitafutia kiti hata huko.

Zaidi ya kiti, hawakuniambia nikikosea. Siku moja nilirusha bomu la mkono, likagonga mlango, likaturudia miguuni, tukafa wote mara moja. Kiongozi akakohoa kidogo, akasema, "Si mbaya, mama. Umejitahidi." Nilibaki nikiitazama simu. Mwanafunzi wangu wa kushona akiniletea shati lenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi, siwezi kumwambia amejitahidi. Nitalifumua mbele yake. Asiyefumuliwa kazi yake hafiki kuwa fundi.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la kupiga magoti. Kule kwetu binti humwamkia mkubwa kwa kupiga goti, na Wahaya nao ni hivyohivyo. Binti wa Magu, kila tulipokutana mwanzo wa mchezo, alimchuchumaza askari wake mbele yangu, juu chini, juu chini, kuniamkia. Nikapenda. Nikaona kumbe hata huku adabu ina njia yake. Nami nikaanza kuwachuchumalia watu. Mtu akianguka karibu yangu, awe wetu au adui, nilimsogelea nikachuchumaa mara kadhaa pembeni yake, kumpa pole. Niliona ndiyo utu. Maadui walipokuwa wanachuchumaliwa walikasirika ajabu, wakiniandikia maneno makali, nami nikadhani ni hasira za kufa.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mpaka nafasi ya nne ilipomleta Mzaramo.

Alikuwa mtu mzima kidogo, yuko Kisarawe, sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya shamba. Aliingia, akanisikia nikimwambia binti wa Magu achukue risasi zangu, akauliza, "Nani huyo anayeongea kama yuko mnadani anauza ng'ombe?"

Kiongozi akashtuka. "Kaka, huyo ni mama."

"Mama wa wapi?"

"Mwanza," nikajibu mwenyewe.

"Msukuma?"

"Msukuma."

"Aa," akasema, na nilisikia anatabasamu. "Kumbe mpagazi wangu kafika. Mizigo umeiweka wapi?"

Nani asiyejua utani wa makabila? Mababu zetu walipita kwao wakielekea pwani, mizigo vichwani, na wakiwa huko wakagombana, wakapatana, wakasaidiana, na tangu hapo Mzaramo na Msukuma wana haki ya kutukanana bila mtu kukasirika. Miaka mingi sikuwa nimempata mtani wa kunichokoza. Mabatini kila mtu ananiogopa.

"Mizigo nimeiacha kwenye shamba lenu," nikamwambia, "lakini nasikia mmeshaliuza mkalichezea ngoma."

Alicheka mpaka akasahau kufungua mwavuli.

Tangu siku hiyo sikukaa chooni tena. Kiongozi alisema, "Mama, ingia hapo," na Mzaramo akasema, "Aingie kufanya nini, kupika michembe yenu ya viazi? Msukuma, toka nje, beba bunduki, twende." Nikatoka. Nikikimbia polepole aliniuliza kama nimebeba gunia. Nikilenga vibaya aliniambia bunduki si jembe, nisiishike kwa kuinama. Nami sikumwacha. Akikimbilia kwenye nyumba nilimwambia, "Ndivyo mlivyo, viwanja vyenu mmeuza, sasa mnatafuta makazi kwenye simu." Tulicheza tukicheka, na katikati ya kicheko nikajifunza kujificha nyuma ya jiwe badala ya nyuma ya mti mwembamba, na kutokimbia uwanjani kama anayefukuza kuku.

Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu magoti. Nilimwangusha adui kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikaenda mbio kumpa pole, nikachuchumaa mbele yake juu chini kwa moyo wote. Mzaramo akapiga kelele.

"Msukuma! Unafanya nini wewe?"

"Ninampa pole."

"Pole gani hiyo? Hilo ndilo tusi kubwa la dunia nzima humu. Huyo mtu umemdhalilisha mbele ya watu. Hakuna aliyekuambia?"

Kisha nikawauliza wenzangu kama walijua. Binti wa Magu akasema kwa sauti ndogo, "Tulijua mayu." Kiongozi akasema, "Tuliona utajisikia vibaya, mama." Wiki zote zile nimekuwa nikitukana maiti kwa nia njema, na watoto wangu wenye adabu walikuwa wanatazama pembeni. Niliona aibu, na pia niliudhika. Mtu mwenye sketi iliyochanika nyuma huambiwa, hata kama ni mkwe wako.

Kilichoharibu mambo ni maneno ya msibani. Alasiri moja niliokota dawa ambayo Mzaramo aliitaka, nikainywa mbele yake. Akasema, "Kunywa tu. Siku ukifa nitakuja Mwanza. Nitaingia kwenye kaburi lako kabla yako, nitalala humo, na hawakuziki mpaka wanao wanipe beberu."

"Njoo na chakula chako," nikamwambia, "maana beberu hupati."

Nilicheka, lakini nilipozima simu moyo wangu ulikuwa umejaa. Hivyo ndivyo watani wafanyavyo: huzuia maziko, huigiza marehemu, huwachekesha waliofiwa mpaka waweze kupumua. Mtu ambaye hajawahi kuniona alikuwa ameniahidi kuja kunizika. Wapo ndugu zangu wa damu ambao sina uhakika nao.

Siku chache baadaye hakuonekana. Tukangoja. Nafasi yake ikabaki wazi, nami nikauliza yuko wapi.

"Mama, usiwe na wasiwasi," kiongozi akasema, na alikuwa na furaha kabisa. "Nimeshughulikia. Nilimripoti kwa wenye mchezo kwamba anakutishia kifo. Nikawaomba na vijana wenzangu hapa Mkuyuni wamripoti. Wameifungia akaunti yake."

Sikusema kitu. Anayenijua angejua hiyo ni hatari. Nilizima simu, nikachukua magongo yangu, nikamwita kijana wa bajaji anipeleke Mkuyuni.

Kibanda chake hakikuwa kigumu kukipata, alishaniambia kiko jirani na wauza viatu vya mitumba. Nilikuta kijana mrefu mwembamba ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, bisibisi ndogo mkononi. Nikasema, "Hodi kiongozi." Alinitambua kwa sauti kabla hajainua kichwa. Akasimama, akainama kwa mikono miwili, shikamoo mama, akaniondolea mteja kwenye kiti ili nikae, akatuma soda, akaweka katoni chini ya mguu wangu wenye hogo. Nilikuwa nimekuja kumfokea na tayari nimeshapewa kiti. Ndiyo shida yao hawa.

"Umenifukuzia mtani wangu," nikamwambia.

"Mama, alisema atalala kwenye kaburi lako."

"Kwani wewe hujui utani?"

"Naujua mama. Lakini ninaujua wa watu wanaoonana, msibani, harusini. Huyu hukumjua, hukumwona, na wewe ni mkubwa wake. Nikasema huenda unavumilia tu." Akaweka bisibisi chini. "Nilikuwa nikikusikia ukicheka, nikajua ni uvumilivu wa watu wazima."

Nilimwangalia usoni. Hakukuwa na hila hata kidogo. Alikuwa amenilinda kwa moyo wote, kama ambavyo angemlinda mama yake mzazi kule Bukoba, na kwa kunilinda akaniondolea mtu pekee aliyenichukulia kama mchezaji. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikanywa soda.

Tukajaribu kurekebisha. Alikaa akawaandikia wenye mchezo kwa Kiingereza chake kizuri cha shule, akiwaeleza kwamba huku kwetu kuna makabila yanayotukanana kwa upendo tangu enzi za mababu, na kwamba ahadi ya kulala kwenye kaburi la mtu ni heshima. Alinisomea, akinitafsiria, na jinsi alivyozidi kueleza ndivyo tulivyozidi kuonekana wendawazimu. Jibu likaja kabla sijamaliza soda: walitushukuru kwa kusaidia kuifanya jamii yao kuwa salama.

Binti wa Magu ndiye aliyekuwa na namba ya Mzaramo, maana yeye ndiye aliyetuita wote saa ya kucheza ilipofika. Tukaiomba kwake, tukampigia Mzaramo tukiwa palepale kibandani, simu ikiwa mezani, sauti nje. Kiongozi akamwomba radhi vizuri, kwa heshima, huku amesimama.

Mzaramo alicheka mpaka akakohoa. "Nimefungiwa hadi mwezi ujao," akasema. "Mke wangu amefurahi sana, ananilimisha. Usiniombe radhi mimi, kijana. Huyo Msukuma wangu ndiye uliyemponza. Sasa nani anamwambia ukweli?"

Kiongozi akaokota bisibisi, akairudisha mezani.

"Basi nakukabidhi. Mtukane wewe mpaka nirudi."

"Kaka, siwezi. Ni mama."

"Jaribu, ninasikiliza."

Kijana alinitazama, akatazama viatu vyake, akatazama barabarani. "Mama," akasema, "wewe ni... ni mzito kidogo. Samahani."

"Hilo ni tusi au ni pole?" Mzaramo akauliza, na wauza viatu wa pembeni waliokuwa wanasikiliza wakaangua kicheko.

Simu ilipokatwa nilimwambia kijana taratibu. "Sitaki unitukane. Matusi yale ni ya mtani, hayakaimiwi. Ninachotaka uniambie nikikosea. Basi."

"Mama, kwetu mtu mzima hakosolewi mbele za watu."

"Binti wa Magu ndiyo watu?"

Akatabasamu, lakini niliona hilo haliwezi. Katazo lile la kwao lilikuwa limeingia ndani kuliko mahali maneno yangu yangefika. Nikiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani niliamua. Nitacheza nao Jumapili. Wakiniweka tena ndani ya nyumba na kuniletea fulana, nitawaaga vizuri, nitaufuta mchezo kwenye simu, nibaki kuwa mama yao wa kuamkiwa tu. Sikutaka. Niliumia kuliko mtu wa umri wangu anavyotakiwa kuumia kwa ajili ya kitu cha kwenye simu.

Jumapili baada ya ibada wingu zito lilikuwa limetanda upande wa ziwa na upepo ulipeperusha kanga kwenye kamba za majirani. Tulikuwa watatu. Tulitua pembeni ya kijiji cha vibanda.

"Mama, ingia kwenye hiyo nyu..." kiongozi akaanza. Nilisikia kwenye maiki yake pikipiki ikipita Mkuyuni. "Mama, twende," akasema.

Tukaenda. Sikumbuki vizuri kila tulikopita. Nakumbuka tulivuka daraja tukiwa tumeinama, nakumbuka binti wa Magu akiwaangusha watu wawili kisha akisema "Samahani, kilo ngapi?" na kuuawa akiwa anapima mchele. Nakumbuka kiongozi akianguka mbele yangu kwenye majani marefu, mbali mno nisiweze kumfikia. Kisha nilikuwa peke yangu, nyuma ya jiwe, na waliobaki kisiwa kizima ni mimi na maadui wawili. Wenzangu, kwa kuwa wamekufa, walikuwa wanaona nilichokiona mimi. Hawakuweza kufanya chochote ila kusema.

Na hawakusema. Nilisikia pumzi zao tu.

"Mama," kiongozi akaanza kwa upole, "kama hutajali, ukiona inafaa..."

Nyasi zikatikisika. Sikuona ni wapi.

"Mama, naomba kama unaweza..."

Risasi ikagonga jiwe.

"Wewe mama! Unashangaa nini? Yuko kushoto! Kushoto kwako! Piga bwana, piga!"

Niligeuka kushoto nikapiga. Nilipiga nikiwa nimefumba jicho moja, ninadhani na mdomo wazi. Mmoja akaanguka. Nikaendelea kupiga, na huyo wa pili akanimaliza nikiwa bado ninamtafuta.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye hogo. Kidole changu kilikuwa karibu na pale pa kutokea mchezoni, nikingoja wanipongeze ili niwaage.

"Mama," akasema kiongozi.

"Naam."

"Umepiga vibaya."

"Wewe!" binti wa Magu akamkemea.

"Amepiga vibaya," akasema, na sauti yake ilitetemeka kama ya mtoto aliyevunja sahani ya wageni, lakini hakuacha. "Ile ni bunduki ya mtu wa karibu, yeye amempigia mtu wa mbali. Risasi zote zimeishia kwenye majani. Na ulisimama wima, mama. Ukipigiwa risasi husimami wima. Tungeshinda. Huyo wa pili tungempata."

"Na kingine?" nikamuuliza.

Akavuta pumzi. "Ni mengi, mama."

Mvua ilikuwa inaongezeka na mtandao ungeweza kukatika wakati wowote. Nilijifuta macho kwa ncha ya kitenge, nikamwambia aanze na la kwanza.